Vigingi Katika Shamba la Maharagi

Mwaka ule prefe, mkuu wa sekondari yetu ya Masisi, alitaka masomo yote yashike jambo moja: udongo uliokuwa ukiporomoka mlimani kila mvua inyeshapo. Mwalimu wa hesabu akafundisha mteremko, wa biolojia akafundisha mizizi. Mimi wa fizikia nikaunda na wanafunzi kipimo cha miti mitatu, kamba na jiwe, cha kutuonyesha mitaro ya kuzuia maji ipite wapi.

Nilijivuna, sifichi. Asubuhi moja tukapanda mlimani na mzigo wa vigingi, tukavipigilia kwa mstari mzuri katikati ya shamba la maharagi.

Kabla hatujamaliza, wamama watano walipanda kutoka bondeni wakikimbia, majembe mikononi. Mmoja wao ndiye mwenye shamba. Aling'oa kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku wanafunzi wakirudi nyuma mpaka wakagusana mabega.

"Mama, hii njo masomo tu," nikasema. "Tunapima, mvua isibebe udongo yako."

Akanisogelea na kigingi mkononi.

"Mwalimu, wewe iko muntu wa hapa. Ulishaona hapa kwetu muntu anapima shamba ya mwingine, kisha anamuachia?"

Katika masomo yote yale, hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenye shamba. Na mimi, mjinga kuliko wote, nilizaliwa kilima cha jirani. Shamba la baba yangu lilianza kupotea asubuhi kama ile, kwa vigingi vilivyonyooka kama vyangu.