Nilifunga Pampu ya Duara Kwenye Bahari ya Mke Wangu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Jina langu lifichwe tafadhali, maana Tarime ni ndogo na baba mkwe ana masikio marefu. Mke wangu nitamwita Bhoke.

Dhahabu ilipotukubali, tulihama machimboni tukajenga Bomani. Wake za wenzangu waliomba ng'ombe, wengine gari. Bhoke aliomba bahari. Mnacheka? Mimi sicheki! Alitaka tangi la kioo sebuleni, lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai, kama aliloliona kwa dada yake Nairobi. Hata chumvi yake ililetwa kupitia mpaka wa Sirari. Kuna tumbawe moja alililea tangu likiwa kama kidole gumba mpaka likawa kama ngumi. Akiamka, alilisalimia kabla yangu.

Chini, ndani ya kabati, kulikuwa na tangi jingine la kuchujia, na pampu ndogo ya kurudisha maji juu. Siku moja pampu ikafa.

"Baba Chacha," akaniambia, "nunua ya saizi ileile. Na isiwe na shaba ndani, shaba inaua matumbawe."

Mimi! Mimi niliyekausha maduara, yale mashimo ya dhahabu, yakiwa yamefurika, nifundishwe pampu! Kule duarani tulichagua pampu kwa mngurumo. Kuna moja dhaifu ilituacha chini maji yakitufika kifuani, na tangu siku ile siamini pampu isiyopiga kelele. Dukani nikaonyeshwa kitu kama kikombe cha chai. Nikamwambia muuzaji, "Hiki mpe mtoto achezee." Nikarudi na pampu ya duara, dume hasa!

Nikaifunga Bhoke akiwa kanisani. Shaba ilikuwemo, niliiona kwa macho yangu ikimetameta. Nikasema moyoni, shaba kidogo itafanya nini? Nikabana koki, maji yakapanda taratibu, nikafunga kabati.

"Ni saizi ileile?" Bhoke akauliza.

"Ileile, ila hii ina sauti." Mungu anisamehe.

Kesho yake baba mkwe akaja kutoka Kisaka. Mzee huyu hajawahi kuelewa samaki wasioliwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, hicho kinachonguruma ni nini, umefungua mashine ya kusaga?"

"Hiyo ni nguvu, baba. Ngoja uone!" Nikafungua koki yote.

Lo! Maji yakaruka juu ya kioo, zulia likaloa, samaki wa njano akatua kwenye kiatu cha mzee. Bhoke akakimbia kuchomoa waya, kisha akaokota samaki wake mmoja mmoja. Mzee akatazama kiatu chake. "Kumbe huwa wanakuja wenyewe mezani," akasema.

Nilicheka kuliko wote. Nikamwambia Bhoke kosa lilikuwa la koki tu. Akaniamini. Nikairudisha pampu ileile.

Siku zilizofuata lile tumbawe likajikunja, likawa la kijivu, mwisho likawa jeupe kama mfupa. Bhoke alibadilisha maji, akampigia dada yake, akaomba. Mimi nikawa naitikia amina! Hatimaye akafungua kabati mwenyewe, akaitoa pampu, akaiona shaba.

Heri angenitukana. Alisema tu, "Ulijua."

Samaki waliobaki aliwapeleka kwa dada yake. Pampu sasa inamwagilia mchicha nyuma ya nyumba, na mchicha umestawi ajabu, ananipakulia kila siku. Tangi liko tupu sebuleni, analifuta vumbi. Wageni wakiuliza lilikuwa la nini, ananiachia mimi nijibu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kumbe nyumbani kwangu mkuu alikuwa Bhoke, ila sikutangaziwa. Ninyi mliopata dhahabu jana, nawaomba sana: ukiambiwa ndogo inatosha, nunua ndogo! Mimi nilitaka pampu ya kelele, nimeipata, iko nje inanguruma. Ndani Bhoke hanipigii kelele hata kidogo, na sasa ndiyo naogopa.