Ua Juu ya Tembe

Nilipokuwa mtoto wa kuchungishwa mbuzi, kijijini kwetu karibu na Gulwe, mama alirudi kutoka msiba wa mama yake huko Busi amepakata kichaka kama mtoto mchanga. Kilikuwa na shina nene lenye tumbo, maua ya waridi, na hakikuwa na jani hata moja. Siku hizi mjini wanakiita waridi la jangwani. Sisi tulikiita ua la porini, na porini ndiko kila mtu alitaka likae.

Mama akalipanda mlangoni. Lilikuwa limeota ubavuni mwa nyumba ya mama yake, na hakuwa na kingine cha kumkumbukia.

Bibi, mama yake baba, aliliona akashika kiuno. "Mama Neema, ua linalochanua wakati miti yote imekauka, unadhani linakunywa nini? Linakunywa mvua yetu!"

Basi mvua si ikachelewa! Mtama tuliopanda ukaungulia ardhini kwa joto, mbuzi wakakonda. Jirani yetu Mzee Yona akaja na wenzake. Wala hawakufoka, maskini, walikuwa na watoto wa kulisha.

"Ling'oe, mama. Lichomwe moto."

Baba aliinamisha kichwa. Mama machozi yalimtoka tu, nami nikashika kanga yake nikalia kwa kuwa yeye analia.

Bibi akachukua jembe, akaling'oa mwenyewe. Jikoni moto ulikuwa unawaka. "Kulitupa kunatosha," akasema, akalirusha juu ya tembe, kwenye paa letu la udongo, mizizi ikitazama jua. Wazee wakaridhika. Tangu hapo mama hakumsemesha Bibi zaidi ya shikamoo.

Jua likawaka weee! Hata wingu hakuna. Asubuhi moja nafungulia mbuzi, nikainua macho. Lo! Ua limelala ubavu, halina udongo, halina tone la maji, na limechanua.

"Bibi! Njoo uone!"

Bibi alitazama, kisha akaenda kumwita Mzee Yona. "Haya, jionee. Liko juu huko halinywi kitu, na mvua bado hatuioni. Sasa mvua yetu kainywa nani?"

Mzee Yona akakuna kichwa, akacheka mpaka akakohoa. "Dada, mrudishie mkamwana wako ua lake."

Mvua ilikuja baadaye, haba, kama kawaida yetu.

Leo naishi Mkonze, na tawi la ua lile limekuwa kichaka uani kwangu. Jirani yangu, mtumishi wa serikali, alinunua la kwake kwa wauza miche, akalimwagilia kila jioni mpaka likaoza. Nimempa tawi, nikamwambia aliache kivulini mpaka lilipokatwa pakauke ndipo alipande, tena asilinyweshe ovyo.

Kumpa tawi hilo ndiko kulikonirudisha kwenye moto ule wa jikoni. Bibi alichunga porini tangu usichana wake, aliyajua maua hayo na ugumu wao wa kufa. Angetaka life, si angelitia tu motoni? Na imani yake hakuiacha. Kila mwaka mvua ikichelewa, alipita pale mlangoni akilitazama kwa jicho la pembeni. Aliliogopa kweli, ila alimpenda mama zaidi.

Juzi nilimweleza mama hayo kwa simu. Nikamsikia anavuta kamasi.

"Jamani," akasema, "na mimi nilivyomnunia."