Mwalimu Mbinya, Kocha wa Kisilu

Wanaume wanaobishania michezo wananichosha roho. Nimewapikia maharagwe na chapati hapa hotelini kwangu Kabati, Ukambani, tangu mwaka wa sabini na moja, na nawajua. Hawajawahi kukimbia hata kufukuza kuku, lakini wakishashiba kila mmoja anakuwa bingwa wa Olimpiki. Wanabishana huku wanatafuna, mate yanarukia sahani ya jirani, na mimi ndiye wa kufuta meza.

Hiyo ni karaha ya kila siku, nimeizoea. Ile ya mwaka wa themanini na nane sijaizoea mpaka leo, na ndiyo inayonifanya nisimulie habari za mwalimu Mbinya.

Mbinya alikuja kufundisha shule yetu ya msingi akiwa bado msichana, sketi ndefu, kitambaa cha kanisani kichwani. Mwalimu mkuu alimpa somo la michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Waliomtangulia walikuwa wanawatupia watoto mpira kisha wanakwenda kukaa kivulini. Yeye alipima uwanja kwa kamba, akachora mistari kwa majivu ya jiko langu, akajinunulia filimbi. Watu walimcheka. Yeye akaendelea kupuliza.

Hapo uwanjani ndipo alipompata Kisilu. Kijana alikuwa na miguu, sikatai, ila akili ya mbio hakuwa nayo. Alikuwa anachomoka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba. Raundi ya kwanza amewaacha wote, raundi ya tatu anatapika kando ya ua. Mbinya alimfundisha kusubiri. Alimfundisha kugawa pumzi. Alipoona anakunja ngumi na kukaza mabega, alikuja kwangu akaomba nyanya zilizoiva sana, akamshikisha moja kila mkono, akamwambia akimbie bila kuzipasua. Wiki nzima shati la kijana lilikuwa limechafuka kwa maji ya nyanya, na mama yake akaja kunigombeza mimi! Mwishowe nyanya zilianza kurudi nzima. Mwaka huo Kisilu alishinda mbio za wilaya, mwaka uliofuata akashinda za mkoa, na alipofikisha umri, kikosi kimoja cha serikali kikamwandika kazi kwa sababu ya miguu hiyo. Kutoka huko akaanza kupelekwa Ulaya kukimbia.

Basi ikafika Olimpiki ya Seoul. Dhahabu zilipoanza kumiminika, hoteli yangu ilijaa watu waliolewa bila kunywa. Michezo ilipokwisha ndipo ubishi ulipoanza, na mwenyekiti wake alikuwa Nzioka, fundi wa baiskeli, mtu wa kuagiza chai moja na kuikalia mpaka saa nane.

"Kocha ni ya nini?" Nzioka aliuliza siku moja, akigonga meza. "Mexico, sixty-eight, si Biwott aliruka ile maji ya uwanjani hata kiatu haikulowa? Wazungu wote wanaingia ndani, chubwi! Nani alimufundisha? Hiyo ni kuruka mito huko kwao."

Mwalimu Mbinya alikuwa meza ya pembeni, anakunywa chai baada ya kazi. Akageuka. "Na wale wa kupokezana kijiti kule Munich, Nzioka? Wanaume wanne, wako mbio, kijiti hakianguki. Hiyo pia walijifunza mtoni?"

"Hiyo ilikuwa bahati, mwalimu."

"Na Wangila, juzi, alivyomwangusha yule Mfaransa. Alikuwa anarusha ngumi akienda shule?"

Watu waliangua kicheko. Nzioka akajificha nyuma ya kikombe chake, jambo nililokuwa nimelisubiri miaka mingi, na nikamwongezea mwalimu chai bila kuulizwa. Laiti redio ya hoteli ingeharibika saa hiyo.

Haikuharibika. Mtangazaji alisema kwamba kijana wetu Kisilu ameshinda mbio za barabarani huko Ulaya, na sasa tumsikie mwenyewe. Mtangazaji akamuuliza kocha wake wa kwanza alikuwa nani.

"Sikuwa na kocha," Kisilu akajibu, sauti imenyooka kabisa. "Nilikuwa naamka usiku, nakimbia kilomita kumi kwenda shule, miguu mitupu, na jioni kilomita kumi kurudi."

Kilomita kumi! Shule ya Kisilu iko nyuma ya jiko la mama yake. Kengele ikilia, alikuwa anamalizia uji, anaruka ua, na bado anachelewa. Na hiyo miguu mitupu ni uongo vilevile, maana raba za kwanza alizovaa alinunuliwa na Mbinya. Kila mtu aliyekaa pale aliijua hiyo shule. Nzioka mwenyewe amejenga karibu nayo. Nao walifanya nini? Walipiga makofi.

"Mumesikia?" Nzioka alipiga kelele. "Kilomita kumi! Hiyo ndio kocha!"

Walijua ni uongo, wakaumeza kwa raha kwa sababu ulikuwa mtamu. Niliona kinyaa hata kuzishika sahani zao.

Mbinya alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, Kiema, mfanyabiashara wa mbuzi anayekwenda soko la Mwingi kila wiki. Binti yake Kiema, Ndila, alikuwa darasa la saba, na mwalimu alikuwa amemfundisha mbio kwa miaka miwili. Shule moja ya upili ya wasichana ilikuwa imemwahidi Ndila nafasi bila karo iwapo angefika kwenye mashindano ya mkoa. Bila hiyo, hakukuwa na shule ya upili. Kiema hakuwa mtu wa kuuza mbuzi ili msichana asome, na alikuwa amelisema hilo mbele ya watu bila haya.

Kiema akafuta mdomo kwa mkono. "Kumbe! Na wewe mwalimu unachelewesha mtoto yangu kila jioni na hiyo filimbi. Kuanzia kesho atakimbia akienda kuteka maji, kama huyu Kisilu. Punda nayo ipumzike."

"Baba Ndila, Kisilu anakuja nyumbani Krismasi," Mbinya alimwambia. "Muulize mwenyewe, ana kwa ana. Akikana kwamba nilimfundisha, mimi sitakusumbua tena."

Kiema akakubali.

Kisilu alikuja Desemba, amevaa miwani myeusi na nguo za michezo zinazong'aa. Hoteli ilifurika mpaka madirishani. Mwalimu Mbinya alikuja na Ndila, msichana mrefu, mkimya, amesukwa nywele vizuri kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaolewa siku hiyo. Kiema akasimama akauliza mbele ya wote: "Kijana, huyu mwalimu alikufundisha kukimbia, ama hapana?"

Kisilu aliwatazama wale wanaume, mmoja mmoja. Walikuwa wanamsubiri kwa meno nje.

"Mwalimu ni mama mzuri," akasema. "Alikuwa ananipea nyanya."

Wakacheka mpaka viti vikalia. Mimi nilitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kisilu, na shule ilikuwa wapi? Tuonyeshe hizo kilomita kumi!"

"Mama Kiilu, wewe pika," akanijibu, na wakacheka zaidi.

Baadaye alipita jikoni kwangu, mahali ambapo mwalimu alikuwa amesimama na Ndila. Akavua miwani. "Mwalimu, usikasirike. Watu wanapenda kusikia hivyo. Na kule kikosini, nikisema nilifundishwa na mwanamke, nitachekwa mpaka nistaafu."

"Sikukuomba unisifu," Mbinya alimwambia. "Nilikuomba umsemee huyu mtoto."

Kisilu akamtazama Ndila, akarudisha miwani machoni, akatoka kwenda kupigwa picha. Nilitema mate kwenye majivu. Sijui kama ni dhambi, na sijali.

Ndila akaanza kuteka maji. Ningependa wale mabingwa wa hotelini wanieleze mtu anakimbiaje akiwa na mtungi mgongoni na kamba imembana kwenye paji la uso. Anapanda kilima ameinama, hatua kwa hatua, akitazama vidole vyake. Mashindano ya mkoa alikwenda msichana mwingine. Ndila alimaliza darasa la nane, akakaa nyumbani, na kabla Olimpiki nyingine haijafika alikuwa ameolewa Mwingi. Kiema alipokea mahari, akaja hapa kuwanunulia rafiki zake nyama.

Mwaka wa tisini na mbili ilikuwa Barcelona. Ubishi ukarudi na mate yake yote. Wakenya walikuwa wamechukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika mbio za kuruka maji, na Nzioka akawa analalamika: "Sasa sisi Wakamba tuko wapi? Kwani miguu yetu iko na nini?"

Kiema alikuwa anakula mbavu za mbuzi. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeonewa na dunia. "Mimi nilikuwa na msichana," akasema. "Munakumbuka Ndila yangu vile alikuwa anakimbia? Huyo saa hii angekuwa Barcelona. Shida yetu hapa ni moja tu. Hatuna kocha."

Wanaume wakatikisa vichwa kwa huzuni. "Pole sana, mzee," Nzioka akamwambia, na wengine wakaitikia pole, pole, kama watu walio matangani. Niligeuka kumtazama mwalimu Mbinya, aliyekuwa meza ile ile ya pembeni. Nilitaka atukane. Nilitaka apindue meza, na ningemsaidia.

Alisukuma kikombe chake kando, akamgeukia Kiema. "Pole, baba Ndila," akasema.

"Asante, mwalimu," Kiema akajibu, akaendelea kufyonza mfupa.