Aliyenifuata Kwenye Theluji kwa Jina la Shiundu

Ndugu yangu Shiundu alizikwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tano nikamkuta amesimama kwenye theluji.

Si ndoto, na sikuwa nimevuta kitu. Ilikuwa Jumapili saa nane mchana, kibandani kwangu mtaani Laini Saba, ninaposhona viatu. Wateja hakuna. Nikafungua gemu kwenye simu, mara ya kwanza tangu mazishi.

Gemu hilo tulikuwa tunacheza pamoja. Ni nchi ya kubuni, ina majitu na wachawi, na juu kabisa kuna mlima wa barafu. Theluji yenyewe hatujawahi kuikanyaga, lakini ule mlima tuliujua kuliko vichochoro vya mtaa wetu wa Gatwekera.

Sheria ya huko juu ni kali. Ukitumbukia kwenye ufa, mhusika wako anafutwa. Harudi tena.

Sasa pale kwenye moto wa mwisho tuliouwasha, mhusika wa Shiundu alikuwa amesimama. Koti lile lile jekundu. Juu ya kichwa jina lake: Shiundu wa Gatwe. Mimi huko ni Timo wa Gatwe.

Ungedhani nilipiga nduru. Wapi! Sikuhisi chochote. Tangu mazishi nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima.

Kaburini sikutoa hata tone la chozi. Kwetu Waluhya, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa boma hunyolewa, kisha nguo za marehemu zinagawanywa. Mimi sikungoja. Jioni ile ile ya mazishi nikapanda basi la Nairobi. Nilisema kazi inaningoja. Uongo mtupu. Niliogopa kukalishwa kwa kiti ninyolewe, ukoo mzima ukitazama macho yangu makavu.

Mama aliporudi kwake Kawangware, alinipigia simu kila siku. Sikushika. Ningemwambia nini?

Nilichosikia tu ni kwamba binamu yetu Lazarus ndiye aliyebeba koti na viatu vya Shiundu. Kwa hivyo nikajua moja kwa moja. Simu pia amebeba, na sasa anamchezea marehemu.

Nikaandika: "Lazo, najua ni wewe. Toka kwa account ya broo yangu."



Nikapiga hatua, naye akapiga hatua. Nikasimama, akasimama. Nikazunguka jiwe, yeye akaligonga, akarudi nyuma, akaligonga tena. Hata kucheza hajui! Hiyo ndiyo iliniudhi kabisa.

Nikaamua kummaliza. Kama Shiundu hayupo, basi hata Lazarus asimvae.

Nikampeleka juu, mahali njia inakatwa na ufa mkubwa. Mimi ningeruka. Yeye angenifuata bila kuruka, na habari ingeishia hapo. Alinifuata bila wasiwasi wowote.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuruka nilipoona vile vidoti vitatu. Anaandika.

Nikangoja. Vidoti vikaendelea.

"Fundi, kiatu yangu iko?" Mteja alikuwa ameinama dirishani.

"Kesho."

"Si hata jana uliniambia kesho?"

"Basi kesho kutwa, buda."

Akaenda akinitukana. Vidoti bado. Hatimaye maneno yakatokea:

"timo umekula"

Lazarus hajawahi kumuuliza binadamu kama amekula. Yeye huuliza kama kuna kilichobaki.

Nikaandika: "Mama?"

Vidoti, vidoti. "njoo"

Nilimrudisha polepole mpaka kwenye moto, nikiangalia nyuma kila hatua. Kisha nikafunga kibanda nikatembea kwa miguu mpaka Kawangware.

Nilimkuta mlangoni kwake, miwani puani, simu ya Shiundu mkononi.

"Nguo niliwaambia wachukue," alisema kabla sijakaa. "Simu nilikataa. Wewe hushiki yangu, na Shiundu alikuwa ananiambia huko ndiyo mnapatikana. Wiki tatu nakungoja hapo kwa moto."

"Nani alikufundisha?"

"Valary wa saluni. Alinionyesha kitufe moja tu. Akasema nikifinya hiyo nitakufuata pahali yote utaenda."

"Mama, nilikuwa nakupeleka kwa shimo."

"Si ulisimama?"

Nikakaa kizingitini.

"Sasa niambie. Kwa nini hukungoja unyolewe?"

"Sikuwa na machozi, Mama."

Akanitazama kama mtu aliyesikia upuzi. "Nani alikuambia ni machozi inanyolewa? Ni nywele."

Akaleta beseni, sabuni na wembe mpya. Akanikalisha pale pale mlangoni, watu wakipita na mitungi yao ya maji.

Nilitegemea kulia. Sikulia, sitawadanganya. Lakini wembe ulipopita, upepo ukanigonga kichwa kilicholowa. Miezi miwili sikuwa nimehisi chochote.

"Mama, kuna baridi."

"Iko," akasema. Akanifunika upande uliokwisha kunyolewa na leso yake, akaendelea kunyoa upande wa pili.

Basi wewe unayesoma hapa, usikimbie matanga kwa sababu macho yako ni makavu. Kila mtu ana mwendo wake. Na anayekufuata kimya si lazima awe adui. Pengine hana njia nyingine ya kukufikia.

Mamako akipiga, shika simu. Kama huna la kusema, mwambie tu umekula nini.