Mablanketi Matatu

Mke wangu sijamwambia kisa hiki, nawaambia ninyi. Wiki iliyopita nilikwenda na walimu wenzangu kusaidia kituo cha kupokea wakimbizi nje ya Kibondo. Mama mmoja aliyevuka mpaka na watoto wanne aliniomba nimwangalizie, akapange foleni ya maji.

"Nenda, mama," nilimwambia kwa maringo. "Nimesomea saikolojia chuo kikuu. Sura nikiiona mara moja, imekwisha."

Mdogo kabisa alikuwa na homa, nikampakata. Watatu waliketi kando yangu, wamejifunika mablanketi ya kijivu ya msaada, kama watoto wote pale. Nikasahau jambo lililonifaulisha mtihani: akili hushika machache kwa wakati mmoja, na ukiipa sura moja nafasi kubwa, nyingine hufifia. Mimi yote nilimpa mgonjwa: kope zake, jasho lake, pumzi yake ya kukwama. Kila nilipoinua macho niliona mablanketi matatu, nikaridhika kama mchungaji hodari.

Mama akarudi na ndoo. Nikamlaki kwa kicheko: "Umeona? Wote wazima."

Akawatazama mmoja mmoja, akamfunua wa mwisho. Mtoto akamkodolea macho, asimwite mama.

"Mwalimu, huyu ni wa nani?"

"Si ndiye uliyeniachia?"

"Nilikuachia msichana." Ndoo ikamponyoka. "Umwana wanje ari hehe? Mwanangu yuko wapi?"

Niligeuka kutazama barabarani. Malori ya kupeleka watu makambini yalikuwa yameshaondoka.