Bendera Nyekundu na Matanga ya Dereva Pazi

Wewe unayetoka Tabora asubuhi kwa basi, ukafika Nzega ukala chakula cha mchana na kurudi kabla jua halijazama, hebu kaa nami kidogo. Nataka nikueleze kazi ambayo siku hizi haipo, kazi ya mlinzi wa kizuizi cha mvua. Usione haya kama hujawahi kuisikia. Hata enzi hizo za Mwingereza, watu wengi walioniona nimekaa kando ya barabara na bendera yangu walidhani naangalia mbuzi.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye yadi ya barabara pale Tabora nikiwa nimevaa viatu vya mjomba wangu, ambavyo ilibidi nivijaze pamba mbele ili visiniache njiani. Tulikuwa vijana wachache tulioajiriwa pamoja. Nyapara, mzee wa Kinyamwezi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alitupanga mstari, tukamsubiri Bwana Mhandisi. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa barabara zote za upande wetu. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili alichojifunza kwenye kitabu. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa akifanya kazi katika nchi ya milima mirefu yenye theluji, akiwaonya wasafiri juu ya dhoruba na kufunga barabara zikiwa hazipitiki.

Basi akaona atufundishe kama alivyofundishwa yeye. Aliagiza meza iletwe, akachukua unga kutoka jikoni kwa mpishi wa yadi, akaumwaga mezani mpaka ukawa kilima.

"Hii ni theluji," alisema. "Inaanguka kutoka juu. Inafunika barabara. Gari linazama."

Nyapara aliinama akauangalia ule unga kwa makini. "Bwana, huko kwenu huu unaanguka wenyewe?"

"Ndiyo. Usiku kucha."

"Na watu hawaukusanyi?"

"Hauliwi, Nyapara. Ni maji."

 Baadaye Nyapara alituambia kwamba sasa ameelewa kwa nini Waingereza wamekuja mpaka kwetu: kule kwao hata unga ukianguka ni maji.

Kisha Bwana Mhandisi akatuonyesha minyororo ya chuma inayofungwa kwenye magurudumu ili gari lisiteleze. Mwenzetu mmoja kutoka Lusu akauliza gari limekamatwa kwa kosa gani. Tulicheka sana, na Bwana Mhandisi akacheka pia alipotafsiriwa. Lakini kanuni alizotufundisha siku ile sikuzisahau. Mwenye kusafiri kipindi cha dhoruba amwambie mtu anakwenda wapi. Abebe sepetu, blanketi, chakula na maji. Akikwama asiliache gari akaanza kutangatanga. Na juu ya yote, akiona bendera nyekundu asimame.

Nilipelekwa kwanza Lusu, chini ya Nyapara, na huko ndiko nilikojua theluji yetu sisi. Ni udongo wa mbuga, ule mweusi. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu na kupasuka nyufa ambamo mbuzi anaweza kuvunjika mguu. Ukinyeshewa, unageuka ugali ambao haujaiva. Lori likiingia humo magurudumu yanazunguka, linakaa kwa tumbo, na hapo hata ng'ombe wa kulivuta wanakuangalia kwa huruma. Nyapara alinifundisha kuupima kwa kisigino. Ukikanyaga na kiatu kikarudi na wewe, pita. Kiatu kikibaki, rudi. Kwa viatu vya mjomba wangu jibu lilikuwa moja kila siku, ikabidi nijifunze peku.

Baadaye nikapewa kituo changu mwenyewe, upande wa Choma, mahali barabara inaposhuka mbugani na kuvuka mto wa msimu. Hapakuwa na daraja. Palikuwa na drifti, yaani sakafu ya saruji iliyolazwa chini mtoni ili magari yapite juu yake maji yakiwa machache. Nilikuwa na gogo la kufungia njia, bendera nyeupe na nyekundu, na baromita, chombo cha mviringo chenye mshale unaoonyesha uzito wa hewa. Mshale ukishuka haraka, dhoruba ipo karibu. Wapita njia waliidhani ni saa.

"Saa ngapi, mwanangu?"

"Mvua jioni, mama."

"Ahsante."

Sasa sikiliza jambo lililonitesa pale. Mto wa msimu haufuati mvua ya hapo ulipo. Mvua inanyesha juu huko, mbali, na wewe huku umesimama juani unakausha mahindi. Kisha maji yanakuja kwa ghafla, yana magogo ndani yake. Kwa hiyo siku za hatari kabisa zilikuwa zile ambazo anga juu ya drifti lilikuwa safi. Hebu niambie, nani atasimamishwa na bendera nyekundu, na jua linamchoma kisogoni?

Na kulikuwa na tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Madereva wengi waliopita pale walikuwa Wazaramo, waliokuja bara kuendesha malori ya wafanyabiashara wa mjini. Mimi ni Mnyamwezi. Njia ile ya misafara tangu zamani babu zetu waliipita mpaka pwani wakiwa na mizigo vichwani, na humo ndimo ulimozaliwa utani kati yetu na Wazaramo. Mtani wako anaweza kukutukana, kukuvua kofia na kula chakula chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Lakini mtani huyo huyo akikuambia kweli, huisikii. Masikio yako yanangoja mzaha tu.

Aliyenisumbua kuliko wote aliitwa Pazi. Alikuwa dereva hodari, mnene, mwenye kofia ya kitambaa chekundu ambayo hakuivua hata akinawa uso. Nikiinua bendera nyekundu, yeye hupiga honi na kupita kando ya gogo langu, kwenye majani, huku akipaza sauti: "Mpagazi! Teremsha hiyo nguo ukaifue!"

Ikaja siku moja ya masika. Lori la Pazi lilitokea likiwa limejaa watu wa harusi kutoka Lusu, familia ya Kimoravian iliyokuwa inampeleka bibi harusi Choma. Walikuwa wanaimba. Juu ya mizigo yote alikaa shangazi wa bibi harusi, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, ameshika tenga la kuku. Jua lilikuwa kali. Lakini asubuhi ile mshale wa baromita ulikuwa umeshuka kuliko nilivyowahi kuuona, na upande wa juu wa mto lilikuwa limesimama wingu jeusi kama kichuguu. Nilikuwa nimekwisha kulisikia likinguruma kwa mbali.

Nikafunga gogo, nikainua bendera, na safari hii nikasimama kwenye yale majani ya kando, njia yake ya wizi. Pazi akafunga breki.

"Toka hapo, mpagazi. Nina bibi harusi."

"Pazi, maji yanakuja."

"Yako wapi? Mimi naona vumbi."

"Juu huko kumechafuka. Subiri kidogo tu."

Akawageukia abiria. "Mnamsikia Mnyamwezi? Babu yake alibeba sanduku la babu yangu mpaka Bagamoyo, mpaka leo hawajapata la kufanya, wanabeba bendera!" Lori zima likacheka. Hata bibi harusi alicheka chini ya shela yake.

Nilimwamkia yule shangazi, "Shikamoo, mama," nikamwomba awaambie watu washuke.

"Marahaba, mwanangu. Tukishuka tutachelewa, na hao wakwe wana midomo. Mwache kijana aendeshe."

Pazi akatia gia. Nikaona hapa bendera imeshindwa, na kanuni za Bwana Mhandisi zimekwisha. Waliomo mle wanakwenda kufa mbele yangu huku wakiimba. Ndipo nikakumbuka kwamba mtani hawezi kumzuia mtani kwa kweli, lakini kuna mahali pamoja ambapo hakuna anayeweza kumwondoa mtani: kwenye kaburi. Katika mila yetu, mtu akifa mtani wake huruka kaburini, hulala humo, huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, wala hatoki mpaka apewe kitu.

Nikaruka kwenye ngazi ya lori, nikamvua Pazi kofia yake, nikaivaa. Kisha nikaenda kulala chali mbele ya magurudumu, nikaanza kulia.

"Yarabi, Pazi! Pazi amekufa! Tutampata wapi tena dereva asiyejua gia ya pili?"

Abiria wakapasuka kwa kicheko. Pazi akatoa kichwa nje. "Wee! Nirudishie kofia yangu!"

"Marehemu alipenda sana kofia hii! Hakuivua hata akinawa, ndiyo maana maji yakakasirika yakaja kumnawisha yenyewe!" Nikaanza kumwigiza, tumbo mbele, nashika usukani wa hewa, napiga honi kwa mdomo, kisha nazama, nashika pua, mkono mmoja unabaki juu unatafuta kofia. Watu walicheka mpaka lori likayumba. Pazi mwenyewe, masikini, alikuwa anakaza uso asicheke. Kukasirika hawezi, na kumkanyaga mtani aliye kaburini hakuna Mzaramo aliyewahi.

Lakini bado hakuna aliyeshuka. Basi nikaendelea na matanga, nikawafikia waliozikwa naye.

"Na bibi harusi wetu, Mungu amlaze, shela ilionekana kwenye mti kule chini! Na yule mama mkubwa! Ewe shangazi wa watu! Kuku wako walielea, wewe hukuelea!"

Kicheko kikakatika. Shangazi akainuka juu ya mizigo.

"Nyie, huyu mimi si mtani wangu! Mbona ananizika?"

"Mama, nitafanyaje, umepanda kwenye jeneza."

"Nishusheni!"

"Mama, ni mzaha tu," alisema Pazi.

"Mzaha wa kwako! Mimi nimekwisha kusikia matanga yangu, halafu nipande tena? Nishusheni, na tenga langu!"

Aliposhuka yeye, bibi harusi akashuka, na kwaya nzima ikafuata. Pazi alibaki peke yake kwenye usukani, kichwa wazi, anatazama drifti iliyokauka. Angeweza kurudi nyuma na kunizunguka. Lakini dereva wa harusi bila harusi anakwenda wapi? Akazima injini.

"Toka kaburini, mpagazi."

"Sijapewa kitu."

Shangazi akatoa kuku mmoja kwenye tenga, akanirushia. "Chukua, utoke, na ufute maneno yako!" Nikatoka, nikafuta maneno yote, nikamfufua kila mtu kwa jina. Tukakoka moto kwenye kivuli cha lori kumpika yule kuku. Alikuwa bado hajalainika tuliposikia sauti kama ya treni, na treni haipiti pale. Maji yakatokea kwenye kona ya mto, mekundu, yamesimama kama ukuta, yanasukuma mti mzima na mizizi yake. Drifti haikuonekana tena. Jua lilikuwa bado linawaka.

 Pazi akachukua paja la kuku lililokuwa langu, akala. Ilikuwa haki yake.

Tulilala pale, watu wa harusi wakiwa chini ya turubai, kila mtu na kipande chake cha blanketi. Kesho yake maji yalipopungua, Bwana Mhandisi akatokea ng'ambo kwa miguu, amepakaa tope mpaka kiunoni. Gari lake lilikuwa limekwama mbugani, minyororo na yote. Alipowaona wale watu wote wazima aliniuliza, "Maganga, uliwazuia kwa kanuni gani?"

"Nilimzika dereva, bwana."

Nikamweleza jambo zima, naye akasikiliza akijikwangua tope kwa kijiti. Mwishoni akasema, "Kule kwenye theluji tulitumia bendera tu." Akafikiri tena. "Na mimi, mtani wangu nani?"

Kabla sijapata jibu la heshima, Pazi akadakia. "Huna, bwana. Ndiyo maana mlinzi wa kizuizi cha ng'ambo ile alikuona unaingia topeni, akakupigia saluti badala ya kukuzuia."

Bwana Mhandisi alilitazama lile tope miguuni mwake. Halafu akacheka, akaomba mchuzi uliobaki. Tangu hapo, kabla ya kumpeleka mlinzi kwenye kizuizi, alimuuliza Nyapara kwanza: madereva wa njia ile ni watani wa nani?

Niliifanya kazi ile mpaka daraja likajengwa na kizuizi kikaondolewa, kisha nikahamishwa hapa na pale mpaka kustaafu. Siku ya kuniaga walikuwepo wakubwa na hotuba. Katikati ya hotuba Pazi akaingia, mzee sasa, akanivua kofia yangu ya kazi, akaivaa, akalala chali mbele ya meza kuu na kunililia. Alieleza jinsi marehemu alivyokuwa akivaa viatu vya mjomba wake. Hakutoka pale mpaka nilipompa kuku, na kuku mwenyewe alimchagua mkubwa.

Nawe unayesafiri masika hii, barabara ni nzuri na madaraja yapo, lakini mito ni ile ile. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara na huioni ardhi chini yake, zima injini, washushe watu wote, mrudi mahali pa juu mkasubiri maji yapungue, hata kama jua linawaka.