Maziwa ya Ng'ombe Wawili

Asubuhi ile mume wangu aliposema anataka maziwa, niliangusha ufagio nikamwambia arudie. Akarudia. Maziwa, akasema, lakini ya kwao, ya ng'ombe wa mama yake. Si yale ya kopo, ambayo juzi aliyatema mbele yangu bila haya.

Siku zile nchi ilikuwa bado Zaïre, na sisi tulikuwa tumerudi Goma majuma matatu tu kutoka Ubelgiji, ambako kampuni ya kahawa aliyoifanyia kazi ilimpeleka kutibiwa. Madaktari waliiua damu yake mbaya kwa dawa kali, kisha wakamtilia uboho wa dada yake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nilikaa naye huko nusu mwaka, mara nyingi nikimtazama kupitia kioo. Nilikuwa namtania: damu yako sasa ni ya mwanamke, tukifika nyumbani utaosha vyombo.

Nilirudi na mtu aliyekonda hadi koti lake la abakosti likawa kama la kuazima, na karatasi ya daktari. Asishikane mikono na watu. Asile wala kunywa kitu kibichi kwa mwaka mzima. Homa moja tu ingetosha kumwondoa. Nami nina mdomo, sikatai. Niliwafukuza majirani wa mtaa wetu wa Mapendo waliokuja kumpa pole, hata mashemasi, na wakaenda kusema nimemfungia mume ndani kama kuku. Waache waseme. Kilichoninyima raha ni kwamba alikuwa hali chakula. Nilichemsha viazi vya Kibumba, nikapika samaki wa soko la Kituku, akala vijiko vitatu akageukia ukuta.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini niliangusha ufagio. Mchana huohuo nilimwagiza dereva wa lori la mboga apeleke habari kwa mama mkwe huko Masisi, na nikahesabu siku kama msichana anayengoja harusi.

Mama mkwe alishuka siku ya tatu, chombo cha mti mkononi kimefunikwa kwa majani. Nilimkimbilia. Kwa furaha nikasahau hata kumsalimu vizuri, na kwa haraka hiyohiyo nikafanya kosa langu.

"Lete, Mama, niitokoteshe," nikasema.

Akakivuta chombo kifuani. "Kutokotesha? Siye hatutokoteshake maziwa. Ukitia maziwa kwa moto, ngombe inapasuka matiti, inakauka."

Mimi ni wa Butembo. Kwetu maziwa ni kitu cha kutia katika chai. Nilikuwa nimelala na mwanawe miaka tisa bila kujua kwamba kwao kuyachemsha ni kumdhuru ng'ombe. Nikamjibu vibaya, kwamba ng'ombe aliye Masisi atajuaje mambo ya jiko langu. Akakaa kwenye mawe meusi ya ua, akaniangalia kama mwizi.

Mume wangu alisikia yote. Akaita dirishani kwa sauti yake nyembamba, "Mama, leta tu. Nitakunywa vile iko."

Angekunywa, namjua. Angekubali kufa kuliko kumwaibisha mama yake. Nikajitanua mlangoni mikono huku na huku, machozi yakinitoka kwa hasira, nikasema yale ambayo hakuna aliyekuwa amemweleza mama yule.

"Mama, unisamehe mudomo wangu. Damu yake yote ya zamani ilikufa. Ile iko nayo sasa ni ya binti yako, na ingali changa sana. Maziwa mabichi ikimuletea homa, anakufa, na damu ya binti yako inakufa naye."

Akageuka kumtazama mwanawe dirishani.

"Batoto wangu babili," akasema, "mu mwili moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Leta sufuria."

Hakuniruhusu kushika kitu. Alipuliza makaa ya jiko la mbabula mwenyewe, akamimina maziwa mwenyewe. Yalipoanza kupanda alifumba macho, nami nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza. Mume wangu alikunywa kikombe, kisha cha pili, kisha akauliza kama yamebaki. Nikatoka uani nikacheza ngoma peke yangu, na majirani wakathibitisha kwamba nimerukwa na akili.

Kuanzia hapo lori likaleta maziwa kila Jumamosi. Mashavu yakarudi. Nywele zikachipuka, laini kama za mtoto, nikawa nazipapasa kila asubuhi kuona kama zimeongezeka. Daktari wetu wa Goma alipima damu na kusema inapanda. Nilikuwa na furaha ya kuudhi watu, najua.

Jumamosi moja, mwezi wa pili tangu maziwa yaanze kuja, dereva alinipa chombo akasita.

"Mama anasema ile ngombe imekauka."

Nikakiweka chombo chini. Nilijua Mama alikuwa na ng'ombe wawili tu. Nikajiambia ng'ombe hukauka wakati wake ukifika, lakini nilijua yeye haamini hivyo. Nikamuuliza dereva, haya ni ya ng'ombe yupi basi?

"Ni ya ile ingine," akasema. "Anasema utokoteshe muzuri."